Kivuli cha Tabora Kiwe cha Umma

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Kama uko mji katika nchi hii ambao watu wake wamechuma juani kwa muda mrefu, mji huo ni Tabora. Basi swali letu la leo ni fupi, na twaliuliza waziwazi: kivuli chao kiko wapi?

Twauliza hivyo kwa sababu kila mwaka msimu wa makisio hurudi, na katika halmashauri zetu nyingi husikika maneno yale yale. Diwani mmoja husimama akaomba fedha za kupanda miti na kuitengeneza bustani ya mji. Mwingine husimama akajibu kwamba zahanati haina dawa, madawati hayatoshi, na barabara ya kata yake haipitiki wakati wa mvua. Hapo bustani huondolewa katika orodha, na watu wote huenda nyumbani wakidhani kwamba busara imeshinda. Sisi twaona kwamba haikushinda. Lakini twaona vile vile kwamba yule aliyeomba, mara nyingi aliomba vibaya. Makala haya yanakusudia kuyaeleza yote mawili.

Tuanze na miti yenyewe. Mgeni afikaye Tabora huiona miembe mapema: mikubwa, yenye mashina ambayo mtu mmoja hawezi kuyakumbatia, imejipanga kandokando ya barabara za zamani. Mwembe si mti wa asili ya bara. Ulitoka Bara Hindi, ukafika pwani kwa majahazi, kisha ukapanda bara kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde hadi Unyanyembe, na kutoka hapo mpaka Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Njia hiyo ilikuwa na urefu wa kilomita 1,200 hivi. Wazee husimulia kwamba miembe mingi iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watu waliopita. Mingine ilipandwa makusudi na Waarabu kando ya matembe yao, na mingine ilipandwa baadaye katika utawala wa Wadachi. Burton na Speke walipofika Kaze mwaka 1857, na Stanley alipofika Kwihara mwaka 1871, walikuta mji wenye mashamba na bustani. Kwa hiyo bustani katika Tabora si anasa iliyoletwa juzi na wachora ramani. Ni jambo la zamani kuliko reli, iliyofika mwaka 1912, tena la zamani kuliko halmashauri yenyewe.

Na ni nani aliyepumzika chini ya miti hiyo? Alikuwa mfanyakazi. Wanahistoria hukadiria kwamba katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 wapagazi wapatao laki moja au zaidi waliipita njia ya kati kila mwaka. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, na safari kutoka pwani hadi Tabora ilichukua karibu miezi mitatu. Watu hao waliijua haki yao. Posho ilipopunguzwa, au mkuu wa msafara alipotaka kuwapitisha siku ya mapumziko, waliweka mizigo chini wakakataa kuondoka. Zamani sana kabla ya chama cha kwanza cha wafanyakazi kuandikishwa katika nchi hii, mpagazi alikwisha kujua maana ya kugoma.

Hatusemi kwamba njia ile ilikuwa njia ya heri. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watumwa walipita hapo wakiwa wamefungwa shingoni. Mti mmoja ulimfunika mwenye bunduki, ukamfunika mpagazi aliyetazamia ujira wake, ukamfunika na yule asiyekuwa na lo lote la kutazamia. Mti haukuchagua. Lakini sisi, tulio na akili na sheria, twaweza kuchagua. Na kama twataka kuwaheshimu waliotembea juani bila hiari yao, hapana njia nyepesi kuliko kuhakikisha kwamba kivuli cha mji huu hakitauzwa wala kufungiwa mlango.

Mwembe huishi muda mrefu, hata zaidi ya miaka 100, lakini hauishi milele. Miembe ya enzi za misafara na ya wakati wa Wadachi imekwisha kuupita umri huo, au yaukaribia. Mti mzee huoza moyoni kabla majani hayajaonyesha dalili, kisha siku moja ya upepo huanguka. Jambo hili limekwisha kutokea Ujiji. Mwembe ambao Stanley na Livingstone wanasemekana kukutana chini yake mwaka 1871 haupo tena. Miti inayoonyeshwa leo kwa wageni ni ile iliyotokana na mwembe wa kwanza. Hapa pana fundisho kubwa kwa mji wo wote. Ujiji ina mti leo kwa sababu mtu fulani alitayarisha mche kabla mti mzee haujafa. Alitumia kazi ya mikono yake na fedha kidogo, na hakupata kukaa katika kivuli cha alichokipanda. Hivyo ndivyo bustani inavyorithishwa. Nchi isiyopanda mpaka mti mzee umeanguka hukaa juani miaka mingi ikingoja.

Sasa twende kwenye hoja ya zahanati, kwa maana ni hoja ya kweli na haifai kudharauliwa. Manispaa ya Tabora, kwa sensa ya mwaka 2022, ina watu zaidi ya laki tatu. Watu hao wana mahitaji mengi, na mapato ya halmashauri hayatoshi. Yeye asemaye kwamba mama mjamzito aje kabla ya maua, amesema kweli. Hata sisi, kama shilingi ingekuwa moja tu, tungeipeleka kwa mama huyo bila kuuliza mara mbili.

Lakini shilingi si moja tu. Ndugu msomaji, soma makisio ya halmashauri yo yote, nawe utaona mafungu ya vikao, ya safari, ya mafuta ya magari, ya viburudisho, na ya posho. Neno hilo posho lilikuwa la mpagazi. Lilikuwa chakula chake cha siku, kitambaa au nafaka, ili apate nguvu za kuubeba mzigo hadi kambi ya pili. Leo limekuwa neno la mtu aketiye katika kiti akisikiliza taarifa ikisomwa. Hatusemi kwamba kila posho ni haramu, kwani wako watumishi waisafirio kazi kweli kweli. Twasema kwamba si haki bustani ya watu wote ipimwe dhidi ya dawa ya mgonjwa, huku fungu la vikao lisipimwe dhidi ya kitu cho chote. Apimaye kwa mizani na apime vyote.

Tena kivuli si pambo. Mkoa wa Tabora una kiangazi kirefu. Mvua za mwisho hunyesha kama mwezi wa Aprili, nazo hazirudi mpaka Oktoba au Novemba. Katika miezi hiyo, nenda mjini saa saba mchana ukaangalie watu. Utaona mama lishe, kijana wa bodaboda, msukuma mkokoteni, na ndugu wa mgonjwa aliyetoka kijijini, wote wamejibana katika kivuli cha mti mmoja, na kila jua linaposogea wao nao husogea. Mwenye ofisi ana feni. Mwenye gari ana kioo cha kufunga. Mtu wa kazi ana mti, au hana kitu. Atakayesema kwamba bustani ni ya matajiri amesahau kwamba tajiri anayo yake nyuma ya ukuta wa nyumba yake. Bustani ya umma ni ya yule ambaye hana ua.

Hata hivyo tulisema kwamba wanaoomba fedha za bustani mara nyingi huomba vibaya. Tueleze. Katika miji mingi, mradi wa bustani huanza kwa lango. Hufuata ukuta, kisha vigae, kisha kisima cha kurusha maji juu, kisha ubao wenye jina la aliyeifungua. Fedha huishia katika saruji. Mwaka wa kwanza maua huchanua, na picha hupigwa. Mwaka wa pili bomba hukatika. Mwaka wa tatu nyasi zimekufa, na ndipo hutokea mtu mwenye maneno matamu akataka kuikodi sehemu ile aweke baa au maegesho. Kwa kuwa pameharibika, hapana wa kukataa. Wakazi wa Dar es Salaam wameviona viwanja vya wazi, vilivyoandikwa katika ramani kuwa vya umma, vikigeuka kuwa majengo ya watu. Mara nyingi kiwanja huanza kuibwa siku kinapoachwa bila mtunzaji.

Tunayo mifano miwili ya jirani. Wa kwanza ni wa Forodhani, Unguja. Bustani ile ya ukingoni mwa bahari, iliyotengenezwa katikati ya miaka ya 1930, ilikuwa imechakaa vibaya. Katika mwaka 2008 na 2009 ilitengenezwa upya kwa mapatano baina ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na shirika la Aga Khan la utamaduni, kwa gharama iliyozidi dola milioni mbili za Marekani. Twataja gharama si kwa sababu Tabora yahitaji kiasi hicho. Twataja kwa sababu ya mpangilio wa kazi. Ukuta wa bahari ulitengenezwa, kwa kuwa bustani isiyo na ukuta imara huliwa na mawimbi. Tena wale wauzaji wa vyakula vya usiku, ambao ndio waliokuwa uhai wa mahali pale, walirudishwa na kupangiwa sehemu yao. Mji ulipata bustani mpya, na wachoma mishikaki hawakupoteza riziki.

Mfano wa pili ni wa Nairobi, nao yatupasa kuusoma kwa unyenyekevu. Bustani ya Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 ilikusudiwa kujengwa ndani yake jumba la ghorofa 60. Jumba hilo lilikuwa liwe makao ya chama kilichotawala, KANU, na ya gazeti lake, Kenya Times. Mwanamke mmoja, Wangari Maathai, akapinga. Alitukanwa, akadharauliwa, akaambiwa hajui maendeleo. Lakini jumba halikujengwa, bustani ikabaki, na mwaka 2004 mama huyo akatunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Sisi tuandikao katika gazeti la chama twaisoma habari hii mara mbili. Chama kilichoundwa na watu kikafikia hatua ya kutaka kukalia nyasi zao, na gazeti lake likawa upande wa saruji. Heri kujikumbusha wenyewe kuliko kukumbushwa na wengine. Na habari haikuishia hapo. Mwaka 2021 bustani hiyo ilifungwa kwa matengenezo makubwa, ikakaa imefungwa zaidi ya mwaka mmoja, na muda wote huo mtu wa kawaida alipita nje ya uzio. Hata tengenezo lenye nia njema laweza kumnyima mwenye mali mali yake.

Basi Tabora ifanye nini? Sisi twatoa mawazo matano, nayo si ya gharama kubwa.

Kwanza, maji. Ukuta wa bahari wa Tabora ni maji. Kwa miaka mingi mji ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na watu walijua taabu ya kungoja zamu. Miaka michache iliyopita maji ya Ziwa Victoria yalifika Tabora, Nzega na Igunga kwa mradi uliogharimiwa kwa mkopo kutoka India. Neema hiyo isitumiwe kurusha chemchemi za mapambo. Itumiwe kukuza mche katika miaka yake mitatu ya kwanza, mpaka mizizi ishike. Na maji ya mvua ya mapaa ya majengo ya umma yakusanywe katika matangi kwa kazi hiyo hiyo.

Pili, mtunzaji. Katika kila makisio ya bustani, fungu la kwanza liwe mshahara wa watu wa kuitunza, walioajiriwa kwa barua na kukatiwa akiba ya uzeeni, wala si vibarua wa wiki mbili kabla ya mgeni mkubwa kufika. Halmashauri isiyoweza kumlipa mtunzaji kwa miaka mitano isianze kujenga.

Tatu, miche. Yawepo maembe ya dodo yanayojulikana na kila mtu, na miche ya kubebeshwa ili matunda yaje mapema. Lakini isiachwe miti ya asili, kama vile mininga, mkwaju na mkuyu, kwa kuwa nchi ya Unyamwezi ni nchi ya miombo, nayo imekatwa sana kwa kuni za kukaushia tumbaku. Mkoa huu ni mkoa wa asali, una chuo cha ufugaji nyuki, na nyuki wahitaji maua. Sheria iliyotiwa nguvu mwaka 2018 inaitaka kila halmashauri kutoa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ikarudishwa mwaka 2024. Kwa nini kikundi cha vijana kisikopeshwe kuanzisha kitalu, na halmashauri ikawa mnunuzi wake wa kwanza? Hapo fedha ya bustani haitoki mjini. Huzunguka mikononi mwa wenyeji.

Nne, bustani isiwe na kiingilio wala lango la kufungwa. Mama lishe na muuza kahawa wapangiwe mahali pao, wasifukuzwe.

Tano, hesabu. Kila miezi mitatu karatasi moja ibandikwe kwenye ubao hapo hapo bustanini, ikionyesha fedha zilizoingia, zilizotoka, miche iliyopandwa, na miche iliyokufa. Twakazia hiyo ya mwisho. Kila kiongozi hutangaza miti aliyopanda. Twataka tusikie na iliyokufa.

Tuliposoma katika shule ya misheni, kila mtoto wa darasa la kwanza alikabidhiwa mche mmoja na kopo moja. Bruda mmoja mzee alipita kila Jumamosi akitazama. Ambaye mche wake ulikauka hakupigwa. Aliulizwa tu, mbele ya wenzake, ni siku gani alisahau. Wengi wetu tumesahau hesabu za kugawanya tulizofundishwa mwaka ule, lakini hatujaisahau aibu ya swali lile. Twaona kwamba swali hilo lingefaa sana kuulizwa katika vikao vya bajeti.

Iko hoja ya mwisho, ya wageni. Njia ya kati ya misafara iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia, na Kwihara ni kituo kimojawapo kilichotajwa. Mwezi wa Desemba 2021 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora. Wageni watazidi, na fedha yao ni njema. Lakini mji unaopanda miti kwa ajili ya mgeni huifyeka mgeni asipokuja. Mji unaopanda kwa ajili ya watu wake hauwezi kumkosesha mgeni kivuli.

Tabora ni mji wa uamuzi mgumu. Mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana hapo, wakagawanyika juu ya uchaguzi wa kura tatu. Wako waliotaka kuukataa wote kwa kuwa haukuwa kamili. Mkutano ukachagua kuushika ulivyo, ili upatikane mkubwa zaidi, na uamuzi huo twauita hadi leo Uamuzi wa Busara. Twawaomba waheshimiwa madiwani wakumbuke hayo watakapofungua tena kitabu cha makisio. Wasikatae bustani kwa sababu zahanati bado, wala wasiikubali saruji kwa sababu ina lango zuri. Watoe fedha ya maji, ya miche, na ya mshahara wa mtunzaji, wauache mlango wazi.

Mpagazi wa zamani alitua mzigo wake hapa baada ya miezi mitatu ya jua, akakuta mti uliopandwa na mtu asiyemjua. Wajukuu wake wangali wanabeba mizigo. Na wao wakute mti.